Kukimbia Katika Njia za Kondoo

Mtu anayetaka kukimbia katika vijiji vya kale vya Hispania mara nyingi huanza na orodha ya vijiji vizuri. Orodha hazikosekani, tangu 2011 kuna hata chama kinachoteua vile kinavyoviona vizuri kuliko vyote nchini. Kisha msafiri hukodi gari, hushuka uwanjani, huvaa raba, huzunguka kuta za kijiji, hupiga picha na kuondoka kuelekea jina linalofuata kwenye orodha. Safari ya namna hiyo naiona imekatwa miguu. Mimi naanza na njia, na kijiji nakiacha kije pale njia inapokifikia. Katika nyanda za juu za Castilla, njia ninayoishika ni ile iliyokanyagwa na kondoo kwa karne nyingi, nayo huitwa cañada. Nadai kwamba hakuna njia ya mashambani inayomfaa mkimbiaji huko kuliko hizi, na sababu yangu kubwa si mandhari. Zilipimwa kwa mwendo wa miguu, sheria imezilinda zibaki mali ya umma, na vijiji vingi vilivyo kandokando yake vilijengwa kwa fedha ya sufu iliyopita humo. Anayezikimbia hukielewa kijiji kabla hajafika langoni.

Naanza na sheria, kwa sababu bila hiyo kusingekuwa na pa kukimbilia. Mwaka 1273 Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla aliwapa wafugaji wa kondoo baraza lao, Mesta, pamoja na ulinzi wa kifalme kwa makundi yanayohama: kiangazi kwenye milima ya kaskazini yenye ubaridi, majira ya baridi kwenye malisho ya Extremadura na Andalusia. Baraza hilo lilidumu hadi 1836. Sufu ya kondoo wa merino ilikuwa bidhaa kubwa ya Castilla. Wafanyabiashara wa Burgos waliipeleka hadi Flanders, mfalme akavuna ushuru, na kwa hiyo mfalme alikuwa na kila sababu ya kumzuia mkulima asiilime njia. Upana wake ulitajwa kwa vipimo. Cañada ilipewa vara 90, yaani takriban meta 75. Ile ndogo yake, cordel, nusu ya hapo. Vereda, meta 20 hivi. Leo mtandao mzima unakadiriwa kufika kilomita 125,000 na kushika karibu asilimia moja ya ardhi ya nchi. Sheria Namba 3 ya 1995 inautangaza kuwa mali ya umma iliyo mikononi mwa serikali za majimbo: hauuzwi, haukamatwi kwa deni, wala hakuna anayejipatia umiliki kwa kuukalia miaka mingi. Sheria hiyohiyo inaruhusu matembezi, kupanda farasi na michezo isiyotumia mota, kwa sharti kwamba mifugo inayopita itangulie kupata nafasi. Kwa mkimbiaji hili ni jambo kubwa. Mashamba mengi ya Hispania ni ya watu binafsi, na vitalu vya uwindaji vimezungushiwa seng'enge. Anayekimbia kwa kubahatisha atafika mahali pa kurudishwa. Ndani ya cañada haombi ruhusa kwa mtu yeyote.

Sehemu ninayoipendekeza kwanza inapita chini ya milima ya Guadarrama, upande wa Segovia. Ni kipande cha Cañada Real Soriana Occidental, inayotoka nyanda za Soria hadi Badajoz, karibu na mpaka wa Ureno, mwendo wa takriban kilomita 700. Wageni huijua Segovia kwa mfereji wa maji wa Warumi, ambao matao yake yanafika karibu meta 28 kwenda juu. Wachache hukumbuka kwamba katika karne ya 16 huu ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya kufuma nguo za sufu. Nikielekea kaskazini-mashariki nafika Torrecaballeros, na hapo jirani, Cabanillas del Monte, bado limesimama jengo kubwa la esquileo, ambamo kondoo walinyolewa wakati wa kurudi milimani baada ya majira ya baridi. Mbele ni Sotosalbos na kanisa lake la San Miguel, lenye baraza ya matao ubavuni. Baraza hizi za Kiromaneski ndizo sifa ya makanisa ya sehemu hii ya Castilla: wanakijiji walikutana hapo, wakajadili mambo yao, wakajikinga na upepo wa mlimani. Inafuata Collado Hermoso, na juu yake magofu ya abasia ya Wasistersiani ya Santa María de la Sierra. Njia inafuata mguu wa mlima juu ya nyasi fupi, mialoni upande mmoja, malisho yenye kuta za mawe upande wa pili, na kutoka mwinuko wa zaidi ya meta 1,000 uwanda wote wa Segovia unaonekana chini. Kisha naiacha cañada na kuteremka kwenda Pedraza, kijiji chenye lango moja tu, gereza la kale juu ya lango hilo, na uwanja mkuu uliozungukwa na nguzo. Kutoka Segovia hadi hapo ni karibu kilomita 40, na ni vizuri kuzigawa kwa siku mbili.

Wengi hufika Pedraza kwa gari kutoka Madrid. Hula mwanakondoo aliyeokwa katika tanuri la kuni, hutazama ngome ambayo mchoraji Ignacio Zuloaga aliinunua katika miaka ya 1920, na huondoka wakiamini wameona mji mdogo uliosahauliwa. Pedraza haikusahauliwa. Ilikuwa tajiri. Nembo za koo zilizochongwa juu ya milango ni za familia zilizotajirika wakati sufu ilipokuwa na bei. Aliyefika kwa miguu, akapita jirani na nyumba ya kunyolea, akapita malisho na mabirika ya kunyweshea, huisoma nembo ile kama jumla iliyoandikwa chini ya hesabu aliyoifanya tangu asubuhi. Hata mwanakondoo aliye mezani ameingia katika hesabu hiyo.

Lakini kinachonishawishi kuliko yote ni mwendo wenyewe. Kundi linalohama husafiri karibu kilomita 20 kwa siku. Pa kunywa, pa kulala na pa kununua mkate vilipangika kwa kipimo hicho, kwa sababu mchungaji na kondoo wake hawakuwa na kipimo kingine. Kilomita 20 ni pungufu kidogo ya nusu marathoni. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mkimbiaji wa kawaida mwenye mazoezi, na inamwachia mchana mzima wa kukaa kijijini. Barabara ya lami iliwekwa kwa ajili ya gari, ambalo halichoki wala halioni kiu, ndiyo maana anayeifuata kwa miguu hujikuta katikati ya jua kali, mbali na maji. Cañada ilibuniwa na viumbe wanaochoka. Hata miinuko yake ina huruma: kondoo mwenye mtoto hapandishwi genge pale ambapo kuna ubavu wa mlima wa kuzungukia.

Nitaambiwa kwamba kukimbia ni haraka mno, kwamba mambo ya kale yanataka utulivu, na kwamba anayetaka kuona atembee. Kwa kijiji kimoja nakubali kabisa. Kwa uhusiano kati ya vijiji vitano sikubali. Mfano wangu ni vijiji vidogo vilivyo chini ya mji wa Riaza, upande wa mashariki wa mkoa wa Segovia, kwenye miteremko ya milima ya Ayllón. Madriguera na Villacorta ni vyekundu: kuta, vizingiti, hata vumbi la uchochoroni, kwa sababu mawe na udongo wa hapo vimejaa chuma. Kilomita chache tu mbele, El Muyo, Serracín na Becerril ni vyeusi, vimejengwa kwa mawe meusi yanayopasuka katika mabamba membamba, na mabamba hayohayo ndiyo mapaa. Wajenzi hawakuchagua rangi ili kuwapendeza wageni. Walichukua jiwe lililokuwa chini ya miguu yao. Mkimbiaji hupita kutoka wekundu hadi weusi kabla jasho halijakauka, na mguu wake humwambia jambo hilo kabla ya jicho, kwa maana udongo mwekundu hushika raba na mabamba meusi huteleza. Mtembezi ataviona vijiji hivyo pia, lakini atavipata kimoja asubuhi na kingine mchana, kila kimoja kwa nuru na uchovu wake, na tofauti itamfikia ikiwa imepoa. Tena mkimbiaji hajakatazwa kusimama. Kanisa likiwa wazi, aingie. Likiwa limefungwa, aizunguke baraza yake polepole. Mwendo wa kati ya vijiji na mwendo wa ndani ya kijiji si lazima ulingane.

Kuhusu ubora wa ardhi, ushahidi ninaouona mzuri unatoka Soria, kule kunakoanzia cañada ninayoizungumzia. Mkoa huo una watu wapatao 90,000 katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 10,000, na bado umetoa wakimbiaji ambao nchi nzima inawajua. Fermín Cacho, mzaliwa wa Ágreda, alishinda dhahabu ya meta 1,500 katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Abel Antón, wa kijiji kidogo cha Ojuel, alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1997 na tena 1999. Wote wawili walinolewa na kocha Enrique Pascual, na uwanja wao mkubwa wa mazoezi ulikuwa Valonsadero, msitu na malisho ya umma nje kidogo ya mji wa Soria, mahali penye miamba yenye michoro ya watu wa kale. Sidai kwamba njia za kondoo ndizo zilizowazaa mabingwa. Nadai kwamba nyasi zilizofupishwa na mifugo, juu ya udongo usio mgumu, kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,000, ni ardhi ambayo wajuzi wa kukimbia waliichagua walipoweza kuchagua. Mashabiki wa Afrika Mashariki huijua Hispania kwa Valencia zaidi, ambako Joshua Cheptegei wa Uganda aliweka rekodi ya dunia ya meta 10,000 mwaka 2020 na Kelvin Kiptum wa Kenya akakimbia marathoni yake ya kwanza mwaka 2022 kwa saa 2:01:53. Hiyo ni Hispania ya lami na uwanja. Lakini wakimbiaji wa Kenya na Uganda wanaijua pia ile ya matope: mbio za nyika za Elgoibar katika nchi ya Wabaski, za Itálica katikati ya magofu ya Kirumi jirani na Sevilla, na za Atapuerca karibu na Burgos, kijiji ambacho mapango yake yamehifadhi mifupa ya binadamu wa kale sana wa Ulaya. Mbio hizo hukimbiwa juu ya ardhi ya kijiji, na watu wa Bonde la Ufa huikanyaga kama wenyeji.

Kuna pingamizi la vitendo. Kwa nini msafiri asishike njia ya hija ya Santiago, yenye mishale ya njano, malazi yaliyokaribiana na maji ya uhakika? Anayekimbia ugenini peke yake kwa mara ya kwanza simzuii. Usalama ni hoja halali. Ila mwaka 2023 mahujaji zaidi ya 440,000 walipokea hati ya kumaliza hija hiyo, na wengi hukusanyika katika kilomita 100 za mwisho, ambazo ndizo sharti la hati kwa waendao kwa miguu. Kukimbia kati ya watu waliochoka, wenye fimbo na mabegi, na baadhi yao wakisali, hakumpi mkimbiaji utulivu wala hakuwapi wao heshima. Anayeogopa kupotea ana chaguo jingine, zile reli za zamani zilizogeuzwa njia za watembezi na baiskeli tangu 1993. Ile ya milima ya Cádiz, kati ya Puerto Serrano na Olvera, ina mahandaki 30 ndani ya kilomita 36, juu ya reli iliyojengwa na isiyowahi kupitisha treni, na inapita chini ya jabali la Zaframagón wanakotaga tumbusi kwa wingi. Naiheshimu sana. Lakini mhandisi wa reli alitafuta mteremko mdogo, si nyumba za watu. Olvera imekaa juu na ngome yake, stesheni ikabaki chini. Kondoo waliihitaji chumvi ya kijiji, na mchungaji mkate wake, kwa hiyo njia yao hupita pale wanapokaa watu.

Anayechagua cañada lazima aongeze uangalifu, na sioni haja ya kupunguza uzito wa jambo hili. Julai na Agosti aanze alfajiri au asianze kabisa. Asinywe bomba lililoandikwa kwamba maji yake hayafai kunywa. Kuanzia Oktoba, mwishoni mwa wiki, asome vibao vya msako wa nguruwe mwitu na ageuke akivikuta. Akiona kundi, aache kukimbia papo hapo: mbwa wakubwa wa mastín wamefunzwa kumlinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu, na kitu kinachokuja mbio kuelekea kundi kwao ni adui. Atembee kwa kulizunguka mbali. Na kwenye magenge ya mto Duratón, karibu na Sepúlveda, baadhi ya sehemu hazipitiki bila kibali kuanzia Januari hadi Julai, kwa ajili ya ndege wanaotaga. Kibali hicho kitafutwe, au sehemu hiyo iachwe.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linahusu utulivu wenyewe. Ukimya ninaousifu una historia chungu. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 watu wa vijiji hivi waliondoka kwa wingi kwenda Madrid, Barcelona na Bilbao, na hawakurudi. Kati ya serikali za mitaa 8,100 na zaidi za Hispania, karibu 5,000 zina wakazi wasiofika 1,000. Tarehe 31 Machi 2019 watu wa mikoa iliyobaki tupu waliandamana Madrid kudai huduma: treni, madaktari, intaneti, shule. Je, ni haki mgeni kuja kustarehe ndani ya hasara ya wengine? Sina jibu la kulifuta swali hilo. Mkimbiaji hafungui shule wala zahanati, na anayejidai kuwa anaokoa kijiji kwa kununua kahawa anawakosea waliokaa. Ninachoweza kutetea ni tofauti kati ya namna mbili za kuja. Anayekuja kwa gari hutumia fedha yake katika kijiji kimoja mashuhuri na kulala Madrid. Anayekuja kwa njia ndefu hana budi kula na kulala pale miguu inapomfikisha, mara nyingi katika kijiji kisicho kwenye orodha yoyote, chenye baa moja na nyumba mbili za wageni. Fedha hiyo ni ndogo, lakini inaangukia mahali ambapo nyingine haifiki.

Halafu kuna hali ya njia zenyewe. Wapo watakaosema nasifu kitu kilichobaki kwenye karatasi, na kwa sehemu wana haki. Kuna cañada zilizolimwa hadi zikabaki upana wa trekta, nyingine zimemezwa na barabara kuu, nyingine na mabwawa. Kusini-mashariki mwa Madrid, kwenye Cañada Real Galiana, makazi yameota kwa urefu wa kilomita 14, yenye maelfu ya watu, na sehemu yake imekaa bila umeme tangu Oktoba 2020. Watu hao wanahitaji nyumba, si mkimbiaji wa kuwalalamikia. Hata hivyo mfano huo unaonyesha kwamba sheria peke yake haijatosha kuiweka njia wazi. Kinachoiweka wazi ni kupitwa. Wachungaji walilijua hilo walipoanza, tangu 1994, kuyapitisha makundi yao katikati ya Madrid kila vuli na kumlipa meya ada ya maravedí 50, sarafu ya zamani, kwa kila kondoo elfu, kufuatana na mapatano ya 1418. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza uhamaji huo wa mifugo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mkimbiaji si badala ya kondoo, hilo liwe wazi. Kondoo hubeba mbegu katika manyoya yake, hurutubisha udongo, huzuia vichaka vinavyolisha moto wa kiangazi. Mguu wa binadamu haufanyi hata kimoja kati ya hayo. Kazi yake ni ya ushahidi.

Ushahidi huo una matumizi halisi. Serikali ya jimbo ndiyo inayopaswa kupima mipaka ya kila njia na kusimika nguzo za mawe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo bado haijafanyika. Idara ya mazingira ikipokea malalamiko kwamba njia imelimwa au imefungwa kwa seng'enge, jambo la kwanza inalohitaji kujua ni wapi hasa na lini. Saa ya mkimbiaji inayorekodi njia kwa setilaiti ina majibu yote mawili, kwa tarehe na kwa meta. Katika ramani za taifa cañada zimechorwa kwa majina yake. Anayerudi nyumbani na kuiona mistari miwili, ule wa ramani na ule wa miguu yake, ikiachana kwa meta 60 mahali palipo na shamba jipya, ana barua ya kuandika kwa ofisi ya jimbo, au kwa Seprona, kikosi cha mazingira cha Guardia Civil.